YAH: Malalamiko kuhusu somo la mimea na dawa, Shahada ya Uzamili ya Tiba Jumuishi

Kwa Mkurugenzi wa Masomo,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kitini chenu kinasema mgonjwa anayemeza dolutegravir, dawa ya kudhibiti VVU, anaweza kunywa pia chai ya mmea wa Hypericum perforatum (St. John's wort), mradi aachanishe kwa saa 2. Ni kosa la hatari. Kiondoeni leo.

Kuachanisha muda husaidia pale vitu viwili vinaposhikana tumboni. Ndivyo ilivyo kwa vidonge vya kalsiamu na vya madini ya chuma: bila chakula, dolutegravir humezwa saa 2 kabla au saa 6 baada yake. Inaelekea kanuni hiyo ndiyo mliyoihamishia kwenye mmea, tena nusu nusu. Hypericum haifanyi kazi hivyo. Inalichochea ini na utumbo kutengeneza vimeng'enya vingi zaidi, CYP3A na UGT1A1, na dawa huvunjwa haraka usiku na mchana, hata mtu akiachanisha saa 12. Akiacha chai, athari huweza kubaki hadi wiki 2. Dawa ikipungua kwenye damu, virusi hupata nafasi ya kuzaliana na kujenga usugu. Mgonjwa atameza TLD yake (kidonge kimoja chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir) kila siku bila kukosa, na kiwango cha virusi kwenye vipimo kitapanda. Kliniki itamlaumu kwa kuruka dozi, kumbe alifuata ushauri wa mhitimu wenu.

La pili ni akyupancha, tiba ya kuchoma sindano kwenye nukta za mwili. Tulilipia vitendo, tukapewa video. Nukta GB21 ya begani iko juu ya kilele cha pafu. Sindano ikizama wima kwa mtu mwembamba huweza kutoboa, hewa ikajaa kifuani. Mwanafunzi hujifunza kubana msuli kwa vidole na kupima kina mwalimu akiwa pembeni yake. Video haimwambii amezidisha. Isitoshe, Tanzania mtoa tiba mbadala hutakiwa kusajiliwa chini ya Sheria Na. 23 ya 2002, na tangazo lenu halilitaji hilo hata kwa mstari mmoja.

Tunaomba sahihisho la maandishi litumwe kwa kila mwanafunzi na kila mhitimu aliyesoma kitini hicho, ndani ya siku 7. Vitendo vifanyike kliniki chini ya msimamizi, au ada yake irudishwe ndani ya siku 30.

Wenu,
Wanafunzi wa mwaka wa pili: wafamasia, wauguzi na madaktari