Utafiti wa mishipa ya limfu uwafikie wagonjwa wa matende

Ndugu Mhariri,

Mama yangu mkubwa, huko Pangani, huamka alfajiri kuosha mguu wake kwa maji na sabuni, kisha hukausha katikati ya kila kidole kwa kitambaa laini. Ana matende, uvimbe unaoletwa na minyoo inayoenezwa na mbu. Dawa za kingatiba, ivermektini na albendazoli, amezimeza kila zilipogawiwa, nazo zimesaidia sana kuzuia mbu wasisambaze minyoo. Lakini mishipa ya limfu, ile inayoondoa maji yaliyozidi kwenye nyama za mwili, ikishaharibika haifufuliwi na kidonge. Maji hayana pa kupita, mguu unabaki umevimba.

Ndiyo maana nafuatilia kwa hamu utafiti wa kuotesha upya mishipa hiyo. Huko Stanford, Marekani, Dkt. Stanley Rockson na wenzake wamejaribu nyuzi nyembamba za kolajeni, aina ya protini, zinazopachikwa chini ya ngozi. Kazi ya nyuzi hizo ni kama ya mti unaosimikwa ili mkunde utambae: mishipa mipya huota ikizifuata. Walijaribu kwa nguruwe, na sasa zimetumika kwa watu waliovimba mkono baada ya matibabu ya saratani ya matiti.

Na wenye matende je? Mguu ulioshambuliwa na minyoo miaka mingi, wenye ngozi ngumu na homa za mara kwa mara, si sawa na mkono wa mtu aliyeondolewa tezi za limfu kwa sababu ya saratani. Lazima uchunguzwe wenyewe. Naziomba wizara za afya, Bara na Zanzibar, zidai nafasi ya wagonjwa wetu katika tafiti hizi. Na sabuni ifike zahanati leo.

Msomaji wako,
Tanga