Mama Furaha, usiguse mwaka wa mtoto

Goma, 19 Agosti 2024

Mama Furaha, dada yangu,

Salamu kwanza. Huku tuko. Njia ya Sake bado ya wasiwasi, maharage hayashikiki, umeme unakuja usiku mashine zangu zikiwa zimelala, lakini tuko. Furaha hajambo. Juzi alisuka, na amenituma nikuambie ile picha yake uliyoweka WhatsApp ni ya utoto, uiondoe.

Sauti zako zote nne nimezisikiliza, tena mara mbili. Nimeona nikuandikie, maana sauti inapita na jambo hili nataka ulisome ukiwa umekaa. Unataka kumwita Furaha kwako Kanada, na unaniomba nikutafutie hukumu mpya ya kuzaliwa, ile supletifu ya mahakama inayoshika nafasi ya cheti, Furaha aandikwe 2004 mahali pa 2002, kwa kuwa mtu wa kanisani kwenu amekuambia huko wanakubali kupunguza miaka miwili. Hapana, dada. Sijakosa njia. Unajua sekretariati yangu, hii ya kupiga chapa, iko hatua chache kutoka ofisi ya komini, na wanaofanya kazi hizo wananipitia kila asubuhi kupiga fotokopi. Nakataa kwa sababu uongo huo huna haja nao, na kwa sababu niliwahi kuufanya mwenyewe.

Wewe uliingia Kanada 2016. Wakati ule mtoto tegemezi, yaani yule mzazi anayeruhusiwa kumwita, alikuwa ni aliye chini ya miaka 19, na hiyo 19 umeibeba kichwani mpaka leo. Oktoba 2021, Furaha alipoitimiza, ulinipigia unalia, ukasema basi, mtoto amebaki. Na mimi nikalia nawe. Kumbe kile kikomo cha 19 kiliwekwa tarehe 1 Agosti 2014, kabla ya hapo ilikuwa chini ya 22, na tarehe 24 Oktoba 2017 waliirudisha hiyo 22. Siku ile tunalia kwenye simu, mtoto alikuwa bado na miaka mitatu mizima mbele yake. Nikikumbuka nashika kichwa.

Sasa sikiliza vizuri. Umri wake hauhesabiwi siku ya kupanda ndege, wala siku ya viza, wala siku afisa atakapoifungua dosie, yaani faili la maombi. Unahesabiwa siku wanapopokea maombi yaliyokamilika. Siku hiyo wanaufunga, kama mtu aliyetoa betri kwenye saa ya ukutani. Dosie ikae mwaka, ikae miwili, Furaha afike 24 akiwa bado hapa kwangu ananisaidia kupiga chapa, kwenye karatasi zao atabaki 21. Anatimiza 22 tarehe 10 Oktoba, kwa hiyo mwisho wetu ni tarehe 9. Tuna wiki saba na siku mbili. Zinatosha, bila kumwongopea mtu.

Ila neno "yaliyokamilika" lina meno. Fomu moja ikikosa saini, malipo yakipungua, wanaweza kukurudishia furushi lote, na ile siku uliyotuma inakuwa kama haikuwapo. Tuseme umetuma tarehe 5 Oktoba, wamerudisha tarehe 20, umesahihisha jioni hiyo hiyo: Furaha ana 22, kwisha. Ndiyo maana nataka itoke kabla ya mwezi huu kuisha, tubaki na nafasi ya kukosea mara moja. Alama za vidole na vipimo vya daktari vitakuja kwa wakati wake, havina ugomvi na siku ya kuzaliwa. Na mshahara wako usikutie hofu: kwa mtoto wako mwenyewe, asiye na mtoto wake, hawakudai kiwango fulani cha mapato.

Huyo mtu wa kanisani simwiti mwongo. Nadhani alisikia habari ya Marekani akaikata katikati. Kule kikomo ni chini ya 21, na wana sheria iliyosainiwa Agosti 2002, miezi miwili kabla hujajifungua. Kwa wale walio kwenye foleni, nafasi ya viza ikifunguka wanatazama mtoto ana miaka mingapi siku hiyo, kisha wanatoa muda wote ambao ombi la mzazi lilikaa mezani kabla ya kukubaliwa. Mtoto ana 22 na miezi mitatu, ombi lilikaa miaka miwili: anahesabiwa 20 na miezi mitatu, anapita. Hiyo ndiyo "kupunguza" aliyoisikia. Wanaopunguza ni wao, mchana kweupe, na cheti cha kuzaliwa hakiguswi hata tarakimu moja. Tena mtoto mwenyewe akikaa mwaka mzima bila kuifuatilia ile viza, hesabu hiyo inaweza isimsaidie kitu. Kwenu hakuna kutoa, kuna kufunga tu. Amekuletea dawa ya mgonjwa wa nyumba ya pili.

Ya kwangu sasa. Unayajua nusu.

Mwaka 2018 shemeji yangu alikuwa Ubelgiji, anawaita watoto wake wawili, Patient na Solange. Kule mtoto ni chini ya 18, na siku ya kuangalia ni ile ya kupeleka ombi. (Hilo mahakama ya Ulaya, ile ya Luxembourg, ililisema wazi Julai 2020, katika kesi ya familia moja ya Guinea ambayo watoto walifika 18 huku wakingoja majibu ya Ubelgiji.) Solange alikuwa na 17, alizaliwa Februari 2001. Patient wa Mei 1999, amekwisha pita. Nikasema huyu hatabaki peke yake kwa sababu ya mwaka mmoja. Makuta yakatoka, yaani pesa, hukumu ikatoka: Patient, Septemba 2000. Maneno yote niliyapiga chapa mimi, kwa vidole hivi, na nilijisifu jinsi karatasi ilivyopendeza.

Hesabu sasa. Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba, Januari, Februari. Mama mmoja, watoto wawili, miezi mitano. Nilimfikiria kijana tu, sikufungua ukurasa wa dada yake. Siku ya mahojiano afisa aliziweka karatasi mbili bega kwa bega, akaweka kidole kwenye tarehe moja, akakihamisha kwenye nyingine, akamtazama Solange. Hakusema neno. Wote wawili walikataliwa. Solange karatasi zake zilikuwa za kweli, umri wake ulikuwa ndani, na nafasi yake niliiharibu mimi. Leo anauza vitenge Birere. Nikipita ananiamkia vizuri sana, anauliza na hali ya mashine zangu. Afadhali angenuna.

Huko kwenu uongo kwenye dosie unafungia mtu mlango miaka 5. Na fikiria: wewe ulipoingia 2016 ulimwandika Furaha, tarehe 10 Oktoba 2002, kopi yako ninayo. Ukileta 2004 leo, wataichomoa karatasi yako mwenyewe ikushitaki. Mshukuru Mungu kwamba ulimtaja. Kuna waliowaficha watoto wakidhani dosie itakuwa nyepesi, na sheria ya huko mtoto ambaye hukumtaja hawezi kuja kama familia yako. Kwa wakimbizi walilegeza kidogo tangu Septemba 2019, lakini ni sera ya muda, usiilalie.

Karatasi za Furaha ziko hivi. Hukumu ya 2010 inasema 10 Oktoba 2002. Hiyo ndiyo nguzo. Kadi ya ubatizo, ile iliyoliwa na mchwa kwenye kona, inasema 12 Oktoba, kwa wino wa bluu, na ule mkia wa 2 unaonekana kabisa kwamba hakuna aliyeuchezea. Bilteni, ile ripoti ya shule, ya darasa la kwanza inasema 2003, mwalimu alikisia tu. Bilteni zilizofuata zote zinasema 2002. Sitaficha hata moja. Nitaandika barua ya ukurasa mmoja kueleza kila tofauti imetoka wapi: kwamba lava ya volkano ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji, kwamba mlikimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda, kwamba mwaka ule ofisi nyingi hazikuwa ofisi tena, ndiyo maana mtoto hakuandikishwa kwa wakati na tulikwenda tribinali baadaye. Kwamba hesabu ya mimba nayo inaanzia Gisenyi sitaiandika, hiyo tubaki nayo sisi na baba yake.

Wakitaka kipimo cha DNA, wakubalie bila kusita. Lakini ujue kinaonyesha mtoto ni wa nani tu, alizaliwa lini hakijui. Kwa siku ya kuzaliwa tunategemea hizi karatasi, ndiyo maana nisingependa hata moja ilegee.

Jambo jingine, na hili zungumza naye wewe, mimi ananisikia nusu. Familia ya yule kijana wa Katindo imekuja tena, mara ya pili, na soda kreti mbili. Wanataka kuongea mahari kabla ya Krismasi. Kijana si mbaya, namwona. Lakini umri ukishafungwa, ndoa haifungwi pamoja nao: lazima awe hajaolewa siku ya maombi, na awe hivyo mpaka siku anapoingia Kanada. Hata kuhamia kwa mwanaume wakaishi kama mke na mume mwaka mmoja, bila padri wala mbuzi, wanakuhesabia una mwenzi. Nimemwambia mjomba wa kijana wasubiri. Alicheka, akaniuliza wasubiri mpaka lini, sikuwa na jibu, nikamwongezea soda yake mwenyewe.

Kwa hiyo nisaidie hivi. Saini fomu zako wiki hii, zote, usiache nafasi tupu hata pale jibu ni "hakuna". Lipia, na risiti nitumie picha yake ionekane namba. Usibadilishe herufi ya jina: pasipoti yake imetoka Juni na imeandikwa kama ilivyo kwenye hukumu. Mei 2021 volkano ilipotukimbiza tena mpaka Sake niliibeba bahasha ya karatasi zake chini ya kitenge, imelowa jasho lakini imesomeka. Nimeiskani ukurasa kwa ukurasa, imebaki kadi ya ubatizo tu. Nimeilaza ndani ya kamusi inyooke. Umeme ukirudi usiku huu ninaipiga na kuituma, usilale bila kuangalia simu.

Dada yako,
Mama Riziki