Barua kwa Tekla: zipi zifunguliwe, zipi zingoje

Ndanda, Mtwara

Mwanangu Tekla,

Hatujambo, mama yako yuko shambani anaokota korosho. Nimesikia bosi wako hapo Mikindani amekukabidhi stoo ya mvinyo.

Kwanza jua kwamba mvinyo mwingi hutengenezwa unywewe mapema. Nyeupe za kawaida hazina cha kungoja baada ya miaka miwili, mitatu. Zinazostahili kulazwa ni chache: nyekundu nzuri za Bordeaux kule Ufaransa, au Barolo, nyekundu ya Italia, ambayo kwa sheria ya kwao haiuzwi kabla ya kukaa miezi 38.

Hizo zikiwa changa zina ukakasi kama wa bibo, ulimi unakauka. Zikikaa, ukakasi hulainika, na harufu ya matunda mabichi hugeuka ya matunda makavu, ngozi, hata uyoga. Mimina kidogo, inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, utazame ukingoni. Zambarau, bado. Rangi ya tofali, umekomaa. Kahawia tupu, huenda umeshapita. Nyeupe zenyewe hukolea kuelekea dhahabu. Mashapo yasikutishe, simamisha chupa tangu jana yake, umimine taratibu.

Shida yetu ni joto. Mvinyo unataka nyuzi 12 au 13, na stoo ya pwani Desemba unaijua. Wataalamu wakisema miaka 15, wanazungumzia mahandaki ya Ulaya. Hapo kwenu punguza sana. Kagua vizibo: kilichosukumwa nje, au chupa yenye michirizi ya mvinyo shingoni, hiyo imeshapikwa, usimpe mgeni kabla hujaionja. Nzima zihamishie kwenye friji, zilale ili kizibo kisikauke. Bosi akilalamikia umeme, mwulize chupa moja ya Barolo alinunua bei gani.

Zikiwa kadhaa za aina moja, fungua moja, onja, andika daftarini. Ikikaza kinywa, zilizobaki ziache. Mimi ningewahi kuliko kuchelewa: changa utaimimina kwenye jagi ipate hewa saa moja au mbili, italainika, iliyopita haina dawa, labda mpishi aitie kwenye mchuzi.

Zile kuukuu ulizonipigia picha usiziguse kwa kizibuo cha kuzungusha, kizibo kitamegekea ndani. Jumamosi nakuja na basi la asubuhi, nitakuletea kizibuo changu cha ncha mbili, kinachopenyezwa kando ya kizibo.

Baba yako