Zainabu mwanangu, hita hiyo itoke chumbani

Mwanangu Zainabu,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na bibi yako kazipokea kwa furaha ingawa goti bado linamsumbua. Sisi sote hatujambo. Dhumuni la barua hii ni ile picha ya chumba chako cha bweni, hapo chuo cha ualimu, uliyomtumia mama yako. Yeye alitazama shuka na pazia, akaridhika. Mimi nilitazama ukutani.

Nimeona soketi moja, vitanda viwili vya dabodeka, na ekstensheni nyeupe imefungwa kwa kitambaa kwenye nguzo ya kitanda chako, sentimita chache tu kutoka kwenye chandarua. Juu yake kuna chaja tatu, pasi, na waya mweusi mnene unaoshuka mpaka kwenye ndoo pembeni ya mlango. Hiyo ni hita ya kuchemshia maji. Hukuitaja kwenye simu, na najua kwa nini hukuitaja.

Najua baridi ya milimani Uchagani si mchezo kwa mtoto aliyezaliwa Tanga, na bado Juni na Julai hamjazifikia. Sisemi uoge maji ya barafu. Nasema hita hiyo itoke humo chumbani, na nitakueleza sababu kwa hesabu, maana ukiambiwa "hatari" tupu huwa unaitikia kisha unaendelea.

Umeme wetu ni volti 230. Hita nyingi za dukani ni wati 1,500, na pasi ni kama wati 1,000. Zikiwaka pamoja ni wati 2,500. Gawanya kwa 230, unapata karibu ampea 11, ndicho kipimo cha mkondo unaopita kwenye waya. Sasa shika ule waya wa ekstensheni, usome maandishi madogo yaliyopigwa kwenye ganda lake. Ukiona 0.75 mm², ndicho kipimo cha unene wa shaba ya ndani, waya huo umetengenezwa kubeba ampea 6. Mnaupitishia karibu mara mbili ya uwezo wake, na mkondo ukizidi mara mbili joto la waya halizidi mara mbili, linazidi mara nne. Ukiona hauna maandishi yoyote, ni mbaya zaidi. Nyingi za namna hiyo ndani si shaba, ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba. Ukikwangua ncha kwa kisu unaona weupe.

Utaniambia, "Baba, si kuna fyuzi?" Ipo, na ndiyo inayowadanganya watu. Fyuzi ya kwenye plagi ni ya ampea 13. Kwake yeye ampea 11 ni mzigo wa kawaida, atakaa nazo usiku kucha bila kukatika, huku waya wa ampea 6 unaiva polepole. Breka ya kwenye korido nayo inalinda nyaya nene za ukutani, haina habari na kamba yenu. Kwa hiyo usije ukasema "mbona haijakatika, maana yake iko sawa." Kutokatika si dalili ya usalama.

Dalili za kweli ni hizi. Weka mkono kwenye plagi baada ya dakika kumi: ikiwa moto hata huwezi kuishika, zima. Tundu la soketi likiwa na rangi ya kahawia au limelegea, plagi ikacheza, hapo cheche zinaruka ndani hata kama huzioni. Ekstensheni zile zenye matundu ya kupokea plagi za kila aina ndizo zinazolegea mapema. Harufu kama ya samaki aliyevunda chumbani, na samaki hakuna, ni plastiki ya umeme inayopikika. Na waya ukiwa umekunjwa mafundo au umepitishwa chini ya godoro, joto halina pa kutokea.

Lakini hata hilo la waya silo linalonikosesha usingizi zaidi. Ni umeme kukatika.

Sikiliza vizuri hapa. Mwenzako kachomeka hita alfajiri, maji hayajapata moto, umeme unakatika. Anaona atachelewa kipindi, anaoga hivyohivyo, hita anaitoa kwenye ndoo na kuiweka sakafuni au juu ya kitanda cha chini. Swichi hajaizima, maana haukuwa unawaka, nani anakumbuka? Mnafunga mlango, mnakwenda darasani. Saa nne umeme unarudi. Hita iliyotengenezwa kukaa ndani ya maji sasa inawaka hewani, kwa dakika chache koili inakuwa nyekundu, na chini yake kuna godoro la sponji. Chumba kimefungwa kwa kufuli na funguo ziko mfukoni kwa mmoja wenu. Pasi nayo ni hivyohivyo. Kwa hiyo umeme ukikatika, hata mkiwa watu kumi, mkono wako uende kwenye swichi ya ukutani kwanza, kisha uchomoe plagi. Usimwachie mwenye kifaa chake.

Na wakati hita bado ipo humo, usitie kidole kwenye ndoo kupima joto. Bomba la hita likipata ufa, maji yote yanakuwa na umeme, nawe umesimama kwenye sakafu iliyolowa. Zima, chomoa, toa hita, ndipo uguse.

Sponji nimeitaja kwa sababu yake. Godoro la sponji likishika moto haliungui kama kanga. Linatoa moshi mweusi mzito, na moshi huo ndio unaoua kabla moto wenyewe haujafika. Mwaka 1994 Shauritanga, Rombo, mkoa huohuo ulipo wewe, wasichana zaidi ya 40 walikufa bwenini. Agosti 2009 Idodi, Iringa, wasichana 12. Septemba 2024 kule Nyeri, Kenya, shule ya Hillside Endarasha, wavulana 21. Sikuandikii haya kukutisha. Wale walikuwa watoto wa watu, na wengine walikuwa wamelala tu.

Kwa hiyo nataka majibu ya mambo haya, na uniandikie, usiseme "nitaangalia". Mlango wa nje wa bweni ukifungwa usiku, ufunguo anakaa nao nani, na analala wapi? Akiwa ni matroni na nyumba yake iko ng'ambo ya uwanja, muulize kwa adabu ufunguo wa pili uko kwa nani ndani ya bweni. Madirisha yana nondo? Kama yana nondo, kuna hata moja linalofunguka kutokea ndani? Mlango wa pili wa korido unafunguka, au umewekewa vitanda vibovu na masanduku? Hesabu milango kutoka chumbani kwako mpaka nje, uhesabu kwa mkono ukipapasa ukuta, maana moshi ukijaa taa haina msaada. Ukitambaa chini, hewa iliyo karibu na sakafu ndiyo inayofaa kuvuta. Kabla hujafungua mlango wowote uguse kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto, usiufungue. Zimamoto ni 114, bila malipo, na namba hiyo iwe imeandikwa mlangoni kwenu.

Mtungi wa kuzimia moto wa kwenye korido uutazame pia: mshale uwe kwenye kijani, pini iwe na lakiri yake. Moto wa umeme usiumwagie maji kabla ya kuzima swichi kubwa.

Vyeti vyako. Usajili ukishakamilika, vile halisi virudishe nyumbani kwa mkono wa mtu, wewe ubaki na nakala. Nataka siku ya moto pasiwe na kitu chochote humo ndani cha kukurudisha.

Sasa maji ya kuoga. Nimekutumia chupa ya chai ya lita 3, kubwa ile ya chuma. Jikoni kwenye bwalo wanachemsha maji kila siku, na mpishi akiombwa mapema kwa heshima hakatai lita 3. Yajaze jioni, funga vizuri, asubuhi bado yana moto wa kutosha. Yachanganye na lita 6 za maji ya bomba. Kama ya chupa bado ni nyuzi 75 na ya bomba ni nyuzi 17, unapata lita 9 za nyuzi 36 hivi, na hayo ni maji ya vuguvugu yanayotosha kuogea. Anza na maji baridi kwenye ndoo, ndipo umimine ya moto. Siku yenye jua, dumu jeusi la lita 20 likiachwa ukutani tangu saa nne mpaka saa tisa alasiri linakupa maji ya vuguvugu bila kumwomba mtu. Oga hiyo saa tisa. Kuoga alfajiri ni mazoea ya Tanga, si sheria.

Na baridi ikizidi, msije mkaingiza jiko la mkaa ndani. Mkaa ukishakolea hautoi moshi, watu wanadhani umekuwa salama, kumbe bado unatoa hewa isiyo na harufu inayolaza watu wasiamke. Jiko hilo kulitoa nje usiku hakutoshi kama lilikaa humo saa nzima milango imefungwa. Mtungi wa gesi wa kilo 6 nao si wa chumba cha kulala: gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini ya vitanda, na cheche ya swichi inatosha.

Najua kinachokukwaza. Hita si yako, ni ya yule dada wa mwaka wa pili, nawe ndiyo kwanza umefika. Una moyo mzuri, mwanangu, kila mtu mtaani anausifu, lakini una tabia ya kunyamaza ili usionekane mkorofi. Hapa usinyamaze. Huhitaji kugombana naye wala kwenda kumsemea kwa matroni siku ya kwanza. Mwite "dada", mwonyeshe chupa, mpe ya kwanza aoge yeye. Mwambie baba yangu ni fundi umeme na ana wasiwasi mno. Nitupie lawama mimi. Akikataa mara mbili, hapo nenda kwa matroni, na usione haya. Ninyi mnasomea ualimu. Kesho kutwa utakabidhiwa bweni la watoto wa watu ulilinde, na wao watafanya unayoyafanya wewe, si unayoyasema. Umefika hapo kwa kichwa chako mwenyewe, hakuna aliyekushika mkono, na ninapopita msikitini watu wananiita baba mwalimu tayari.

Kwenye kifurushi kuna ekstensheni pia. Ni waya wa 1.5 mm², futi mbili tu, kwa makusudi, isifike kitandani. Ni ya simu na kompyuta basi: chaja ya simu haifiki wati 20 kwa kawaida, kompyuta ni kama 65, hata mkichomeka wote wanne haitahisi kitu. Pasi ichomekwe ukutani peke yake. Ile nyeupe ifungue kwenye nguzo leo hii, na simu usiichaji chini ya mto. Kuna taa ya kuchaji. Mishumaa isikanyage humo. Na hapa nyumbani, ile ekstensheni ya nyuma ya televisheni, inayobeba friji na pasi tangu ukiwa darasa la nne, naitoa Jumamosi na kuweka soketi ya ukutani. Najua ulikuwa unaiona kila siku.

Mama yako ameongeza blanketi zito, soksi za sufu, na kashata alizopika jana. Kashata ni za chumba kizima, usizifiche. Mdogo wako anaulizia kamusi uliyoondoka nayo. Kama huitumii, irudishe pamoja na vyeti. Paa la jikoni limeanza kuvuja upande wa mnazi, nasubiri mvua zipungue tupande. Pesa ya matumizi nitaituma mwisho wa mwezi, na usinunue hita ya kwako kwa pesa hiyo.

Kifurushi kipo kwenye basi la kesho asubuhi. Kondakta atakupigia akifika Himo. Nenda stendi na mwenzio, mchukue, fungua palepale uone chupa haijapasuka ndani. Ukitingisha ukasikia vigae, niambie nitume nyingine.

Nangoja jibu la ufunguo na nondo.

Baba yako