Mhariri, visiwa vya Pasifiki vina siasa pia, sio kuzama tu

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wote mnaoandaa ukurasa wa kimataifa. Mimi ni msomaji wenu wa hapa Kilindoni, Mafia, siku hizi mengi nayasoma kwenye simu maana gazeti lenyewe mpaka livuke kutoka Nyamisati habari imeshachacha. Nimeona niandike leo kwa sababu kuna kitu kinanikera muda mrefu. Kila mkiandika habari za vile visiwa vidogo vya bahari ya Pasifiki, Tuvalu, Kiribati, Samoa, Vanuatu na wenzao, kichwa cha habari ni kilekile, vinazama. Picha ya mnazi umeinamia maji, maneno mawili matatu ya huruma, basi, mpaka kimbunga kingine kipige. Mtu akiwasoma nyie atadhani kule watu wamekaa ufukweni wanasubiri bahari ije iwamalize, hawapigi kura, hawagombani, hawana hata mbunge wa kumsema vibaya kijiweni.

Sikatai kwamba bahari inapanda, sisi wa visiwani hatuhitaji kufundishwa hilo. Ninachosema ni kwamba hao ni watu wana nchi zao na wana fitna zao, tena siasa zao tamu kuliko nyingi mnazotulisha kila siku.

Chukua ile ya viza za Australia kwa watu wa Tuvalu, zile za bahati nasibu, Julai 2025. Karibu kila chombo cha habari kiliandika kwamba Tuvalu nzima inataka kuhama. Ni kweli walioandikishwa kwenye bahati nasibu walifika 8,750 na nchi ina watu kama elfu 11 tu, ila hao 8,750 wamehesabiwa pamoja na wake, waume na watoto wa waombaji, ada yenyewe dola 25 za Australia, na nafasi zinazotolewa ni 280 tu kwa mwaka. Alafu viza hiyo haimfukuzi mtu kwao. Ukipata unaenda, unafanya kazi, unasomesha watoto, ukichoka unarudi nyumbani na ukitaka unaenda tena. Sasa nani angeacha? Hapa kwetu ikitangazwa bahati nasibu ya namna hiyo kwa bei hiyo foleni ingetoka Kilindoni ikafika Utende, na isingekuwa na maana kwamba Mafia inazama.

Kitu ambacho hamkuandika, na ndicho kilichokuwa gumzo kule kwao, ni upande wa pili wa huo mkataba. Unaitwa Falepili, ulisainiwa Novemba 2023 na ukaanza kazi Agosti 2024. Pamoja na viza, Australia imeahidi kuisaidia Tuvalu ikipatwa na janga kubwa la asili, ugonjwa wa mlipuko au ikivamiwa kijeshi. Ila na wao Tuvalu wamekubali kwamba wakitaka kufanya mpango wowote wa ulinzi na usalama na nchi nyingine lazima kwanza wakubaliane na Australia, na kwenye usalama humo wameingiza mpaka bandari, umeme na mawasiliano ya simu. Hapo ndipo watu walipogawanyika. Waziri Mkuu wa zamani Enele Sopoaga aliupinga waziwazi, wengine wakasema tuchukue kinachopatikana. Huo ni mjadala wa nchi kamili, wa kuuliza uhuru wetu unauzwa kwa shilingi ngapi, na mngeuandika vizuri watu wa huku wangeusoma kwa sababu mikataba ya bandari tumeijadili mpaka tukanuniana.

Uchaguzi wa Tuvalu ulifanyika Januari 26, 2024. Bunge lina watu 16 tu, wawili wawili kutoka majimbo manane, na vyama vya siasa hakuna, kabisa, kila mtu anasimama kwa jina lake na kwa kisiwa chake. Waziri Mkuu Kausea Natano, yule aliyesaini mkataba, akaangushwa na wapiga kura wake mwenyewe wa Funafuti, kisiwa cha makao makuu (sisemi ni mkataba uliomwangusha, kwenye nchi ya watu wachache hivyo sababu zinaweza kuwa nyingi na nyingine haziandikiki). Baada ya hapo ikapita karibu mwezi mzima nchi haijapata mkuu mpya, na sio kwa sababu ya wizi wa kura wala kesi, ni hali ya hewa! Upepo mkali na bahari chafu, wabunge wa visiwa vya nje wamekwama hawawezi kufika Funafuti. Nilivyosoma hiyo nilicheka peke yangu, maana sisi tunaoujua msimu wa kusi tunaelewa. Mwisho wakafika, Februari 26 jina lililopendekezwa likawa moja tu, Feleti Teo, aliyewahi kuwa mwanasheria mkuu wa serikali na baadaye bosi wa tume ya samaki ya Pasifiki, akapita bila kupingwa. Namaanisha bila kupingwa kweli, sio ile tunayoijua sisi.

Na maisha ya huko sasa. Uwanja wa ndege wa Funafuti ni lami imepita katikati ya makazi, ndege ni chache kwa wiki, kwa hiyo jioni ile njia ya kurukia inageuka uwanja wa mpira, watoto wanacheza, watu wazima wanapiga soga, pikipiki zinapita. Ndege ikitaka kutua inapigwa king'ora, watu wote wanatoka. Aprili 2025 ndio wakafungua mashine ya kwanza ya ATM katika historia ya nchi, Waziri Mkuu mwenyewe akaenda kwenye uzinduzi, kabla ya hapo ni pesa taslimu tu na kupanga foleni benki. Hiyo nayo ni siasa, kiongozi anahukumiwa kwa vitu kama hivyo.

Ila kama kuna nchi mmeidhulumu kwa kutoiandika ni Samoa. Jamani Samoa! Aprili 2021 walifanya uchaguzi, viti 51. Chama cha HRPP cha Tuilaepa Sailele Malielegaoi, ambaye alikuwa Waziri Mkuu tangu 1998, kikapata 25. Chama kipya cha FAST kikapata 25. Akabaki mgombea binafsi mmoja, huyo ndiye nchi nzima ikawa inamwangalia yeye tu. Kabla hajatangaza anaenda wapi, tume ya uchaguzi ikaongeza mbunge mwanamke wa ziada kutoka HRPP, hoja yao ni kwamba katiba inataka wanawake wasipungue asilimia 10, na asilimia 10 ya 51 ni 5.1, waliochaguliwa ni watano, kwa hiyo bado nukta moja ya mwanamke. Nukta moja! Mgombea binafsi akaenda FAST, ikawa 26 kwa 26. Mkuu wa nchi, ambaye kule sio Waziri Mkuu, akasema turudie uchaguzi, mahakama ikasema hapana, na yule mbunge wa nyongeza ikamtoa.

Katiba inataka Bunge likae ndani ya siku 45, na siku ya mwisho ilikuwa Jumatatu Mei 24. Jumamosi usiku mkuu wa nchi akatoa tamko kwamba Bunge limesimamishwa. Mahakama Kuu ikakaa Jumapili kulitengua lile tamko, na ukumbuke ni nchi ya wakristo wa kweli kweli, Jumapili watu wako kanisani na vijijini hata kelele hupigi. Jumatatu asubuhi Jaji Mkuu Satiu Simativa Perese na majaji wenzake wakaenda bungeni wamevaa majoho na mawigi, wakakuta mlango umefungwa kwa kufuli. Spika hafungui. Majaji wakageuza wakaondoka. Watu wa FAST wakasubiri, alafu jioni wakasimamisha turubai hapohapo kwenye majani nje ya jengo, lile la shughuli kabisa, na Fiame Naomi Mataafa akaapishwa chini yake, mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu wa Samoa, na baba yake ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hiyohiyo. Tuilaepa hakukubali, wakakaa miezi miwili nchi ina mawaziri wakuu wawili, mpaka Julai 23 Mahakama ya Rufani iliposema kiapo cha kwenye turubai ni halali. Hakuna jeshi lililotoka kambini, maana jeshi lenyewe hawana.

Na haijaishia hapo, hii ndio inanifurahisha. Hamadi, FAST nao wakagombana wenyewe. Januari 2025 Fiame akamfukuza kwenye baraza la mawaziri mwenyekiti wa chama, La'auli Leuatea Schmidt, chama kikapasuka, upinzani ukaleta kura ya kutokuwa na imani naye mara mbili akapona zote, alafu Mei bajeti yake ikaangushwa kwa kura 34 dhidi ya 16. Ikabidi Bunge livunjwe. Agosti 29 wakapiga kura, FAST ya La'auli ikapata viti 30, HRPP 14, na chama kipya cha Fiame kikaambulia 3. Mama aliyeapishwa kwenye turubai nchi ikimshangilia, miaka minne baadaye viti vitatu. Nyie siku hiyo ukurasa wa kimataifa mliweka habari ya mchezaji wa Ulaya kabadilisha nywele.

Watu wanadhani nchi ndogo ni rahisi kwa sababu wote wanajuana. Mimi nadhani ndio ngumu zaidi. Samoa huwezi kugombea ubunge kama huna cheo cha matai, ukuu wa ukoo, kwa hiyo anayekupinga bungeni anaweza kuwa mjomba wako, Jumapili mko benchi moja kanisani, na msiba ukitokea wote mnachangia. Huwezi kumkimbia.

Vanuatu nao ni balaa lingine. Bunge la watu 52, vyama vingi, na wabunge wanahama vyama kama hawana akili nzuri. Septemba na Oktoba 2023 peke yake waliona mawaziri wakuu watatu, Kalsakau akatoka, Kilman akaingia, akatoka, Salwai akaingia. Mwaka 2015 wabunge 14 walikutwa na hatia ya rushwa, mmoja wao alikuwa Spika, na Rais alikuwa safarini kwa hiyo Spika ndiye aliyekuwa anakaimu urais, unajua alifanya nini? Akajisamehe! Yeye na wenzake. Rais Baldwin Lonsdale akarudi, akaufuta ule msamaha, wakaenda jela. Ukimsimulia mtu hii bila kumwonyesha ushahidi anasema umetunga.

Basi wananchi wakachoka, Mei 2024 wakafanya kura ya maoni ya kwanza katika historia yao wakapitisha kwamba mbunge akihama chama anapoteza kiti, na wale wa binafsi wachague chama ndani ya miezi mitatu. Hapa ndipo mngeweza kuwahoji wataalamu wetu, maana Tanzania hiyo sheria tunayo kwenye katiba miaka yote na bado tuliwaona waheshimiwa kuanzia 2017 wanajiuzulu upinzani "kuunga mkono juhudi", alafu wanarudi bungeni kupitia uchaguzi mdogo wa pesa zetu wenyewe wakiwa na kadi mpya. Vanuatu wangetuuliza sisi tungewaambia sheria peke yake haimzuii mtu mwenye miguu. Na Bunge lao likavunjwa tena Novemba ya mwaka huohuo, uchaguzi ukapangwa Januari 14, 2025, kabla haujafika Desemba 17 tetemeko la 7.3 likapiga Port Vila, mji wao mkuu, watu 14 wakafa, majengo ya katikati ya mji yakabomoka. Ungetegemea waahirishe mwaka mzima, ila wao walisogeza siku mbili tu, wakapiga kura Januari 16, na Februari Jotham Napat akawa Waziri Mkuu.

Na ni hao hao Vanuatu waliopeleka dunia nzima mahakamani. Wanafunzi wa sheria wa chuo kikuu cha Pasifiki Kusini, kampasi ya Vanuatu, 2019 walitoa wazo kwamba Mahakama ya Kimataifa ya Haki iulizwe nchi zina wajibu gani kuhusu tabianchi. Serikali yao ikalibeba, 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likalikubali, na Julai 23, 2025 majaji wa The Hague wakatoa maoni kwamba wajibu upo kisheria na nchi isiyoutimiza inaweza kuwa imevunja sheria za kimataifa. Wanafunzi jamani, sio wakuu wa nchi.

Kuna pia la samaki, ambalo nashangaa kabisa gazeti la nchi yenye pwani haliligusi. Nchi nane za huko, zikiwemo Tuvalu, Kiribati na Nauru, ziliungana, meli kubwa za kigeni zinazovua jodari haziuziwi leseni kiholela, zinauziwa siku za kuvua, na bei ya chini waliyokubaliana ni dola 8,000 za Marekani kwa meli kwa siku. Meli haiwezi kuwachonganisha kwa kukimbilia jirani mwenye bei poa kwa sababu jirani naye ana bei hiyohiyo. Jodari wa bahari yetu nao wanavuliwa na meli za mbali, wavuvi wa hapa Kilindoni wakikaa jioni hilo ndilo wanalolalamikia, hivyo andikeni wenzetu walifanyaje, muwaulize na wakubwa wetu wa uvuvi kama wamewahi hata kupiga simu Majuro, kule Visiwa vya Marshall, ambako ofisi ya huo umoja ipo.

Nafasi mnayo. Mkianza na hilo la jodari nitawanunulia nakala kumi niwapelekee vijana wa ferini, na ya Tuvalu mnao muda wa kujiandaa maana uchaguzi wao mwingine ni 2028, ila msiahidi siku ya matokeo.

Msomaji wenu,
Kilindoni, Mafia