Wenye ugonjwa wa utumbo nao wacheze

Mhariri, mdogo wangu ana ugonjwa wa Crohn, yaani utumbo unavimba na kutoa vidonda, basi kila kipindi cha michezo anakalishwa pembeni alinde mabegi ya wenzake eti ataumia. Jamani, ugonjwa ukiwa umetulia mazoezi ya kutoa jasho kama kutembea haraka, baiskeli au kuogelea yanamfaa, tena zile dawa za steroidi za kutuliza uvimbe zinadhoofisha mifupa na kukimbiakimbia kunaisaidia. Darren Fletcher, aliyekuwa mchezaji wa Manchester United, aliugua vidonda vya utumbo mpana, ugonjwa wa jamii hiyo hiyo, akapasuliwa 2013, akarudi uwanjani! Walimu, daktari wake akiruhusu mwacheni acheze, siku anayoharisha damu au kuishiwa nguvu apumzike, na choo cha karibu kisifungwe kufuli.