Mizani ipime na breki, isiishie kwenye uzito

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi wa malori hapa Kizota, Dodoma. Nilianza utingo kwenye Fiat 682, nikahamia gereji, na sehemu kubwa ya umri wangu nimeimalizia chini ya Scania 113, Leyland na Fuso. Haya ninayoandika nimeyashika kwa mikono.

Lori likiacha njia kwenye milima ya Sekenke, Saranda, Nyang'oro au Kitonga, habari inayotoka kesho yake huwa na maneno yale yale: "lilifeli breki". Inaishia hapo, kana kwamba breki kufeli ni kama radi, imeshuka tu kutoka mbinguni. Siku chache baadaye wanasimama watu kusema malori ya zamani yaondolewe barabarani. Sikubaliani na hayo yote mawili, na sababu zangu ziko chini ya gari, mahali ambapo wengi wanaozungumzia ajali hizi hawajawahi kulala chali wakatazama.

Dereva akikanyaga pedeli, upepo unaingia kwenye chemba, yaani kile kikopo cha chuma kilicho karibu na gurudumu, na kusukuma mpira uliomo ndani. Mpira unasukuma fimbo, fimbo inasukuma slaki, yaani mkono wa chuma ulioshika kamu, slaki inazungusha kamu, na kamu inatanua viatu vya breki mpaka vibane dramu. Laini za breki, yaani bitana za viatu zinazosugua dramu, zikilika, viatu vinakuwa mbali na dramu, kwa hiyo fimbo inalazimika kusafiri zaidi ndipo vishike. Kukaza slaki ni kuifupisha tena safari hiyo. Ni kazi ya spana moja.

Sasa sikiliza hesabu yake. Chemba za kawaida namba 30 (namba ni ukubwa wake), ambazo ndizo nyingi kwenye ekseli za nyuma na kwenye matela, zina safari ya inchi 2 na nusu tu ndani yake. Fimbo ikitoka zaidi ya inchi 2, lori halitakiwi kuondoka mpaka likazwe. Kwa chemba namba 24 mwisho ni inchi moja na robo tatu. Madereva huniuliza: mzee, si bado nusu inchi imebaki? Imebaki, lakini hiyo ni ya mlimani. Dramu ni chuma, likipata moto linatanuka na kuvikimbia viatu. Likichemka sawasawa linaweza kuongeza milimita 10 hivi kwenye safari ya fimbo. Kwa hiyo lori lililotoka gereji na inchi 2 na robo litasimama vizuri mjini, litasimama vizuri mizani ya Nala hapa Dodoma, halafu katikati ya mteremko wa Sekenke, dramu likiwa limechemka, fimbo inafika mwisho wa chemba na viatu havijabana chochote. Upepo upo, geji inasoma vizuri, pedeli inakanyagika, lakini gari linakwenda. Dereva akinusurika ataapa kwamba breki zilikuwa nzima asubuhi, na anasema anachokijua.

Msimu uliopita wa mahindi kijana mmoja aliniletea Scania 113 yenye tela la ekseli tatu. Alikuwa amepakia Kibaigwa, anakwenda Mwanza. Alichotaka ni balbu za taa za nyuma na kioo cha pembeni, kwa sababu alijua njiani atakaguliwa hivyo.

"Shikamoo mzee. Nifanyie chapchap, tajiri ananipigia simu kila dakika."

"Marahaba, kijana wangu. Balbu utapata. Kwanza jaza upepo."

Tukaweka magogo kwenye matairi, akaachia hendibreki, nikaingia chini na chaki na futi kamba. Ukitaka kupima unachora alama kwenye fimbo pale inapotokea chemba, unamwambia mwenzako akanyage pedeli mpaka mwisho na aishikilie, kisha unapima alama imesogea kiasi gani. Kichwa, yaani gari la mbele linalovuta tela, hakikuwa kibaya, gurudumu moja la nyuma tu ndilo lilitaka kukazwa. Kwenye tela nilikaa kimya kwa muda. Chemba mbili zilikuwa hazina kazi kabisa: hozi zake za upepo zimezibwa kwa bolti na kufungwa waya, na mojawapo springi yake ya hendibreki ilikuwa imevutwa na bolti ndefu ya nyuma, bolti imeshika kutu. Nyingine tatu fimbo zilivuka inchi 2. Kati ya magurudumu sita ya tela, lililokuwa likishika breki inavyotakiwa ni moja.

"Bolti hii nani ameiweka?"

"Mzee, mimi nimepokea gari mwezi jana. Nimelikuta hivyo."

Nampa haki yake, sidhani kama alinidanganya. Hozi ikipasuka porini, tuseme kati ya Manyoni na Itigi, springi inafunga gurudumu na gari haliondoki. Dereva anaivuta springi kwa ile bolti, anaziba hozi, anatembea polepole hadi kwa fundi. Bolti hiyo imewekwa kwa ajili ya dharura kama hiyo. Shida ni kwamba akifika anapakua mzigo, anapata mwingine, na bolti inabaki pale pale. Dereva anabadilika, tingo anabadilika, tela linauzwa, na hakuna anayekumbuka tena kwamba gurudumu lile halina breki. Tajiri alipopigiwa simu alisema breki zitatengenezwa gari likirudi. Nilimjibu kwa heshima kwamba balbu zake nisingefunga mpaka tela lishike. Alifoka, lakini hatimaye alituma hela. Mipira ya chemba, hozi na kazi yangu, vyote kwa pamoja, havikufika bei ya tairi moja kati ya yale aliyofunga mapya kwenye tela hilo hilo.

(Hapa nawaomba vijana wa gereji: ile chemba ya nyuma yenye springi msifungue bangili yake, ile pete inayobana vipande vyake viwili, kwa kubahatisha. Springi iliyobanwa mle ndani inaweza kumuua mtu. Kama ni mbovu, toa chemba nzima, funga nyingine.)

Jambo la pili ni maji kwenye mitungi ya upepo. Nchi za baridi wanayaogopa kwa sababu yanaganda. Dodoma hayagandi, kwa hiyo watu wanadhani hayana neno. Lori linalotoka Dar es Salaam na joto lenye unyevunyevu wa pwani linafika huku mitungi ina maji ya kutosha kunawa uso. Maji yanakalia nafasi ya upepo. Geji itasoma bar 8 kama kawaida, lakini upepo uliomo ni kidogo, na ukikanyaga mara chache tu mshale unaanza kushuka. Kila jioni fungua koki chini ya mitungi. Yakitoka maji, umefanya kazi yako. Ukitoka uji mweusi wenye oili, kompresa yako imechoka, na oili hiyo inakwenda kula mipira ya vali zote. Usiitibu kwa kufunga vali mpya kila mwezi, tengeneza kompresa.

Kipimo cha upepo kuvuja hakihitaji fundi. Lori likiwa tambarare na limezuiwa magogo, jaza upepo, zima injini, kanyaga pedeli na uishikilie dakika moja. Lori lenye tela lisipoteze zaidi ya robo ya bar hivi. Ukipoteza zaidi, zunguka na maji ya sabuni mpaka upate povu. Kisha pampu pedeli mpaka mshale ushuke: ukikaribia bar 4 na bado taa au king'ora cha onyo hakijaita, hilo nalo ni bovu. Nimekuta malori ambayo waya wa king'ora umekatwa kwa makusudi kwa sababu "kinapiga kelele asubuhi". Kinapiga kelele asubuhi kwa sababu upepo umevuja usiku kucha!

Slaki zinazojikaza zenyewe nazo zina mtego wake. Zikifika mahali fimbo inakwenda mbali, maana yake kuna kitu kimeharibika: slaki yenyewe, bushi za kamu, au imefungwa vibaya. Fundi akiikaza kwa spana anaficha ugonjwa kwa siku chache tu. Na vumbi la huku kwetu, hasa ukishaacha lami, likichanganyika na grisi iliyokauka linazisaga bushi. Grisi ya kamu ni rahisi kuliko kamu.

Halafu kuna kutia frii. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimezika watu niliowafahamu. Dereva anatoa gia juu ya mlima ili aokoe dizeli, nyingine auze. Gari likiwa frii injini haimzuii tena, uzito wote unabebwa na viatu vya breki. Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta, kompresa inayojaza upepo nayo inazunguka polepole, wakati yeye anakanyaga na kumaliza upepo. Eksozi breki, ile inayoziba moshi ili injini izuie gari, haina kazi, kwa sababu inafanya kazi gari likiwa kwenye gia. Akitaka kurudisha gia kwa kasi ile, giaboksi inakataa. Shuka na gia ndogo tangu juu, kabla mteremko haujaanza, uiache injini ifanye kazi, na pedeli uikanyage kwa vipindi kupunguza mwendo badala ya kuilalia mlima mzima. Na eksozi breki ambayo kipepeo chake kimeganda kwa masizi, ifunguliwe isafishwe. Karibu kila lori la zamani linaloingia kwangu eksozi breki yake imekufa siku nyingi, na mwenye gari hajui kama aliwahi kuwa nayo.

Narudi kwa wanaotaka malori ya zamani yaondolewe. Scania 113 ziliacha kutengenezwa kiwandani miaka ya 1990, na bado zinasomba mahindi ya Kibaigwa, alizeti ya Singida na saruji ya majengo ya Mtumba. Wenye malori hayo wengi ni watu wa gari moja au mawili. Lori hilo halina kompyuta ya kumficha fundi chochote. Kila kitu cha breki zake kinaonekana kwa macho na kupimika kwa futi. Nimeona lori jipya kwa sura likiwa na tela lililochoka, na nimeona la zamani ambalo mwenyewe analipenda, linashuka Saranda usiku na dereva hana wasiwasi. Ukiondoa la zamani ukaacha tabia hii ya bolti na waya, baada ya miaka michache hilo jipya nalo litakuwa hivyo hivyo.

Ombi langu kwa wenye mamlaka ni hili. Tangu mwaka 2019 tunatumia Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016: lori na mzigo wake lisizidi tani 56, ekseli moja yenye matairi pacha isizidi tani 10. Ni sheria nzuri, barabara zetu ni za gharama. Lori linasimama Nala, linasimama Njuki pale Singida, ekseli zinapimwa moja moja. Ekseli inaonekana ina tani ngapi, lakini sijawahi kuona mtu akiinama kuangalia kama ekseli hiyo hiyo ina breki. Uzito halali juu ya gurudumu lisiloshika unaua vile vile. Lori tayari limesimama, dereva tayari yuko kwenye kiti. Wawekwe vijana wawili waliosomea ufundi wa magari makubwa VETA, wapewe chaki, futi na tochi. Sisemi wapime kila lori, foleni ingefika mjini. Wachague machache kila zamu, hasa yanayoelekea milimani. Wakikuta hozi imezibwa au fimbo imevuka kipimo, lori liegeshwe pembeni mpaka lirekebishwe hapo hapo. Faini peke yake haifai, tajiri atalipa na dereva ataondoka na tela lile lile.

Na kwenu wa gazeti, Ndugu Mhariri: mwandishi akienda kwenye ajali ya lori asiondoke na "lilifeli breki" peke yake. Amuulize mwenye gari breki zilikazwa mara ya mwisho lini na fundi gani. Awaulize wakaguzi waliolipima lori baada ya ajali fimbo za chemba zilikuwa zimetoka kiasi gani, tela kwa kichwa. Na giaboksi ilikutwa kwenye gia gani.

Fundi malori,
Kizota, Dodoma